Gari la Matanga ya Papa Alexis

Asubuhi ya Jumanne, kabla ya saa moja, Philomène alikuwa ameketi kiti cha nyuma cha gari la kukodi, sufuria ya pondu, mboga ya majani ya muhogo, mapajani, akingoja binti yake Benie amalize kuandika maneno ambayo Tonton Hubert, baba yake mdogo, angeyasema. Benie alikuwa anatengeneza filamu ya kuchekesha: familia isiyoelewana inasafiri kutoka Kisangani hadi Opala kuondoa matanga ya baba. Waigizaji wa kweli hakuwa na uwezo nao, akachukua watu wa nyumbani. Wala hakuhitaji kubuni sana. Baba yake, Papa Alexis, alikuwa na miaka minne kaburini na matanga yake hayajaondolewa.

Jambo lenyewe halikuwa siri kwa yeyote pale Kabondo, mtaani kwao Kisangani. Katika ukoo ule mjane havui nyeusi mpaka ndugu wa marehemu amfungue kitambaa cha kichwa kwa mkono wake na kutamka maneno mbele ya watu. Ndugu wa marehemu alikuwa Hubert, na Hubert alikwisha sema atamfungua siku mjane atakapotia sahihi kwamba nyumba aliyoachiwa ni ya ukoo. Philomène hakutia. Miaka minne hakwenda harusini, hakuuza sokoni, hakupeana mkono na mtu kanisani. Nguo nyeusi ilikuwa imegeuka rangi ya jivu. Alikuwa amechoka, na si uchovu wa kulala ukaisha.

Ndiyo maana alikubali kuigiza. Kwenye karatasi za Benie, mwisho wa filamu, tonton anamfungua mama kitambaa mbele ya watu wa Opala. Philomène hakumwambia mtu, lakini moyoni alikuwa amepanga hivi: mkono ni wa Hubert, maneno ni yale yale, na watu watakuwepo. Kufunguliwa ni kufunguliwa.

Ugomvi wa kwanza ulitokea gari halijawashwa. Sadrack, mwanawe wa kwanza, ndiye aliyeendesha, na alitaka mama yake akae mbele kwa sababu ya miguu yake.

“Mujane mbele? Non,” Hubert akasema. “Kwetu haiko vile.” Akaingia yeye.

Gari likarefuka mita moja na nusu na kuongeza dirisha kila upande. Sadrack akashuka, akarekebisha vioo, akarudi kwenye usukani. Benie alifurahi, maana sasa alipata nafasi ya kusimama na kamera.

Njiani kwenda kivukoni waligombana juu ya hospitali ambayo Papa Alexis hakupelekwa, kisha juu ya nani aliyechukua pikipiki yake. Walipofika mtoni gari lilikuwa na madirisha matano kila upande. Mtu wa kivuko alilipima kwa macho.

“Mbele itapita na bac ya saa tatu, nyuma ya saa tano. Muko famille moja?”

“Famille moja,” Sadrack akajibu.

“Niliona tu,” akasema yule mtu, akaenda zake kufungua minyororo.

Basi Philomène alikaa ng'ambo hii ya mto saa mbili nzima, akila kwanga, mkate wa muhogo, taratibu, akitazama sehemu ya mbele ya gari lao ikimngoja ng'ambo ya pili huku injini inaunguruma.

Safari ilichukua siku mbili. Huko mbele ilinyesha mvua ambayo nyuma haikufika. Hubert alipotaka kumlaumu Philomène kwa jambo, alimpigia simu, na mtandao ulipokatika alimtuma Benie apite katikati ya viti na lawama hiyo. Opala, waliokaa mbele walifika adhuhuri. Philomène alifika saa tisa, ingawa hakuna aliyemwacha.

Watu wa ukoo walikuwa wamesimama kando ya barabara, kama karatasi zilivyotaka. Benie akainua kamera. Hubert akatoka mbele, akapita viti vyote akikohoa, akamfikia shemeji yake, akamshusha chini mbele ya watu. Akafungua kitambaa.

“Philomène, kilio imeisha. Ndugu yetu amekuachilia, na siye tunakuachilia. Enda muzuri.”

Gari likafupika palepale, kimya kimya, likarudi kama lilivyotoka kwa mwenyewe. Kuku mmoja alilazimika kukimbia. Philomène alihisi upepo kichwani, kitu alichokuwa amekisahau, akalia kwa furaha. Hakuwa anaigiza. Benie akaacha kamera iendelee mpaka machozi yalipofika kidevuni.

“Coupe!” Benie akaita, akazima kamera.

Hubert akaokota kitambaa, akakikung'uta vumbi, akamfunga tena.

“Semeki, umenitosha matanga, imeisha,” Philomène akamwambia shemeji yake. “Batu bote banaona.”

“Ile ilikuwa ya filme, Mama Benie. Ya kweli, utasinyé karatasi ya nyumba kwanza.”

Philomène akamgeukia binti yake. Benie alikuwa anaangalia betri.

“Maman, tafazali, jua inaingia. Tuko na scène ingine.”

Gari lilikuwa limekwisha kurefuka, sehemu ya nyuma ikaishia karibu na mto Lomami. Philomène akaenda huko kwa miguu, akapanda, akaketi.

Filamu ilionyeshwa mwezi wa tano katika ukumbi wa parokia moja mjini Kisangani. Watu walicheka hadi kushika mbavu. Urefu wa gari haukumshangaza mtu, ila wengi walisema la kwao huwa na madirisha mengi zaidi. Kwenye skrini, mama alipofunguliwa kitambaa, wanawake walipiga vigelegele na wengine wakafuta macho.

Taa zikawashwa. Benie akawaita waigizaji mmoja mmoja wasimame. Hubert akasimama, akapigiwa makofi. Sadrack naye. Kisha Philomène akasimama katika safu ya nyuma, yuko vilevile, na nyeusi yake kuanzia kichwani hadi miguuni. Ukumbi mzima ukaangua kicheko, maana walidhani huo ni mzaha wa mwisho. Hubert alicheka mpaka akakohoa. Philomène akabaki wima, akiwangoja wamalize, na hawakumaliza upesi.