Mwanamume Aliyelipiga Ziwa Fimbo

Lameck alikuwa na miaka arobaini na mitatu, mzee wa kanisa na mwenye shamba zuri la kakao pale Matema, siku alipomfukuza mama mkwe wake kwa sababu ya hadithi.

Bibi huyo, Lusungu, alikuwa mfinyanzi wa Ikombe. Alikuja kwa mtumbwi, kifua kikimbana, aje auguzwe na bintiye Tumaini, mke wa Lameck. Siku ya nne ilinyesha tangu alfajiri, mvua ya Aprili isiyomhurumia mtu, na watoto wakamzunguka bibi yao jikoni. Lameck alirudi kutoka shambani amelowa chapachapa, akasimama chini ya upenu akamue shati. Akasikia.

"Mwanamume mmoja," bibi alikuwa akisema, "mwanawe wa kwanza alipoanza kuota ndevu, yeye baba mtu aliinama ziwani anywe maji. Badala ya uso wake akaona uso wa baba yake mzee unamtazama. Akakasirika, akachukua fimbo, akalipiga ziwa. Akatoka mwanamke majini, akamuuliza, 'Nimekukosea nini?' Yule bwana akasema, 'Nirudishie uso wangu.' 'Niletee kwanza kile unachojivunia kuliko vyote.' Akapeleka mkuki, ukakataliwa. Akapeleka fahali, akakataliwa. Mwanamke akamwambia, 'Nataka kile wanachokiogopa watu wa nyumbani kwako.' Ndipo akatoa sauti yake."

"Akawa bubu?" aliuliza Gift, mtoto wa kwanza, aliyekuwa na miaka tisa.

"Miaka saba. Akirudi nyumbani, watoto hawakimbii tena. Wanakaa karibu naye, wanaongea, na yeye anasikiliza maana hana la kufanya. Mwaka wa saba sauti ikarudi. Hakujua aanze na neno gani. Akaita jina la mke wake. Mke akaitika."

Lameck akaingia. Watoto walinyamaza wote kwa pamoja, kama walivyozoea. Gift akamtazama baba yake, kisha akamtazama bibi, na bibi akatabasamu kidogo. Tabasamu lile ndilo lililomchoma Lameck. Hadithi yenyewe angeweza kuimeza.

"Mama, hii ni nyumba ya maombi," alisema. "Habari za majini hazitasimuliwa humu."

"Ni hadithi tu, baba. Hata mama yangu aliisimulia."

"Basi kaisimulie kwako."

Tumaini alipiga magoti kwenye tope, akamwomba mumewe angoje angalau ziwa litulie. Lameck alikwishabeba furushi la bibi begani. Alimfikisha ufukweni yeye mwenyewe, akamwita mwenye mtumbwi, akamfunika mama mkwe kwa nailoni kama mtu anayefunika kakao isilowe. Mawimbi yalikuwa makubwa. Bibi hakulalamika. Alikohoa tu mpaka mtumbwi ukapotea nyuma ya mwamba.

Wiki tatu baadaye habari zikaja kwamba amefariki. Lameck alikwenda Ikombe msibani, akaongoza sala kwa sauti yake nzito, na watu wakasema kwamba kweli mkwe yule ni mtu wa Mungu.

Miaka sita ikapita. Siku moja akipasua kakao, panga likamtoka mkononi. Alijaribu kuliokota, mkono ukakataa. Mdogo wake, Aliko, alimkuta kifudifudi juu ya maganda, siafu wamekwishamfikia shingoni. Hospitalini walisema ni kiharusi. Baada ya mwezi akarudishwa nyumbani, upande wa kuume umekufa, na ulimi hautoi ila mlio kama wa ndama. Akili ilikuwa nzima. Hilo hakuna aliyelijua isipokuwa yeye mwenyewe na, baada ya siku chache, mke wake.

Mtaani watu walisema ni laana ya bibi wa Ikombe. Tumaini aliposikia, alimwambia mumewe huku akimgeuza kitandani amfute mgongo.

"Wanasema mama amekuroga. Mama hakuwa mchawi, Baba Gift. Alikuwa mtu aliyekaa nawe siku nne tu, akakujua ulivyo."

Alimwuguza vizuri. Hakuna aliyepita akakuta shuka chafu au bakuli la jana. Lakini kila asubuhi, akimlisha uji, alimsimulia ile hadithi. Aliisimulia polepole, kijiko kwa kijiko: uso majini, fimbo, mkuki, fahali. Akifika mahali mwanamume anapotoa sauti yake, alifuta kidevu cha Lameck kwa kitambaa, akachukua bakuli, akatoka. Hakuwahi kuendelea. Lameck aliyajua yaliyofuata, maana alisimama chini ya upenu akayasikia yote. Hata hivyo alikuwa akimfuata kwa macho mpaka mlangoni, kila siku, akingoja kwamba labda leo atageuka amalizie.

Mwanzoni alimchukia kwa hilo. Alilala akimtungia matusi ambayo mdomo usingeweza kuyatoa. Kisha, kwa kuwa hakuwa na kazi nyingine, akaanza kusikiliza nyumba. Akagundua kwamba Gift, ambaye sasa alisoma sekondari, anaimba akifua. Akagundua kwamba mke wake anacheka. Alikaa naye miaka kumi na saba bila kukijua kicheko kile. Kilikuwa kifupi, cha puani, na kilisikika tu alipokuwa nje na jirani yake Neema. Akajiuliza alikuwa akikificha wapi siku zote. Jibu alilijua, likamtoa machozi, na machozi yakamwingia sikioni, asiyafute.

Ndipo akaamua. Katika hadithi, yule bwana alianza na jina la mke wake. Naye angeanza hapo.

Alifanya mazoezi nyumba ikiwa tupu. Ulimi uligonga meno, ukateleza, ukamletea mate tu. Wiki nzima iliishia kwenye "tu". "Mai" ikaja baada ya mvua kukatika. Ya mwisho ilimtesa kuliko zote. Mpunga ulivunwa, ukaanikwa, ukatiwa maguniani, naye bado anapambana na "ni" akimtazama mjusi darini. Aliko alimsikia siku moja, akadhani anaumwa.

Jumamosi moja, kabla Tumaini hajaenda soko la vyungu, alimlisha kama kawaida. Alipofika kwenye sauti, akafuta kidevu, akainuka.

"Tu-mai-ni," Lameck alisema.

Mke akasimama. Bakuli lilikuwa mkononi mwake.

"Tumaini."

"Nimesikia," alisema. Akarudi, akakaa kwenye kigoda. Alimtazama usoni kama mtu anayetafuta ufa kwenye chungu kabla hajakinunua. "Umefanya kazi kubwa. Nimekuwa nikikusikia tangu ulipokuwa na herufi mbili."

Lameck alijaribu kusema nisamehe. Likatoka vipande vipande, lakini likatoka.

"Unajua," Tumaini alisema, "mama alikuwa na miisho miwili. Ule uliousikia ni wa watoto wote. Tulipokuwa wasichana peke yetu tukikanda udongo, alitupa mwingine. Mwanamume anaita, mke hageuki. Anamwambia, 'Miaka saba umeniacha nipumzike, nikauzoea ukimya, nikaupenda. Kama nawe unanipenda, ninyamazie.'"

Lameck alifungua mdomo.

"Mimi nilikuwa naupenda ule wa kwanza," aliendelea. "Nilikuja kwako nikiuamini. Nilikaa nikingoja siku utakayobadilika, nikiwaambia watoto, baba yenu ni mzuri moyoni. Sasa umebadilika. Nakuamini, sisemi unaigiza. Lakini Baba Gift, umenikuta nimeshachoka kungoja. Uji nitakupa, maji ya kuoga nitakuchemshia mpaka mmoja wetu afe. Kuniita usiniite."

Akachukua kapu lake, akaenda sokoni.

Ulimi wa Lameck ulizidi kufunguka. Kufikia Krismasi alitembea kwa fimbo, na mchungaji akamwalika atoe ushuhuda kanisani. Alisimama mbele, akasema taratibu kwamba alikuwa mtu mkatili ndani ya nyumba yake, kwamba alimfukuza mgonjwa kwenye mvua, na kwamba kiharusi kilimfundisha kusikiliza. Wanaume wa rika lake walilia waziwazi. Walimshika mkono, wakamwambia amezaliwa upya. Akina mama wakamkumbatia Tumaini, wakamwambia, "Mungu amekupa mume mpya, dada."

"Ndaga, asante," Tumaini alimjibu kila mmoja. "Ndaga."

Walirudi nyumbani kwa miguu, yeye mbele, Lameck nyuma akikokota mguu mchangani. Mlangoni mke alimshika kwapani amsaidie kupanda ngazi, akamkalisha kitini, akamvua kiatu cha mguu uliokufa. Lameck alitaka sana kumuuliza kama amesikia yote, hasa yale ya kumfukuza mama yake. Alikwishavuta pumzi. Kisha akaufunga mdomo, na Tumaini akaenda kuchemsha maji.