Mtani wa Diwani

Nimechoka, na nasema mapema ili asije mtu akanishangaa huko mbele. Nimechoka na mikutano, nimechoka na makofi, nimechoka na viti vya meza kuu vinavyoazimwa majumbani kwetu na kurudishwa vimelegea miguu. Enzi zile za foleni, sukari ikigawiwa kwa kibali, mimi Mwanaamina ndiye niliyekuwa balozi wa nyumba kumi hapa mtaani kwetu Musoma. Nilikuwa naipima mpaka watu wakaniita mchoyo, na kwangu nikanywa chai ya chumvi kama wengine. Nilikuwa mtu wa Azimio la Arusha na bado ni mtu wa Azimio, ingawa siku hizi ukilitaja watu wanakutazama kama umetaja ndugu yao aliyeko jela.

Ilipokuja ruksa ya kila mtu kufanya biashara nilifurahi. Hata mwenye siasa anapenda kuoga kwa sabuni. Mitumba ikaja, mchele ukaja, magari ya barafu yakaja kubeba sangara. Kilichonitia wasiwasi ni kwamba watu walipokwisha kuuza vilivyo vyao, wakaanza kuuza visivyo vyao. Duka la ushirika likauzwa, ghala likauzwa, na mwaka wa tisini na tatu zamu ikaufikia Uwanja wa Mawe.

Uwanja wa Mawe ni pale ufukweni, chini ya mtaa wetu, kwenye miamba mipana iliyolala karibu na maji. Hapo ndipo sisi wanawake tunaanikaga dagaa. Ukianika mchangani, dagaa wanaingia mchanga na mnunuzi anakutupia maneno. Ukianika juu ya jiwe wanakauka safi, jua likiwa zuri. Mume wangu alipofariki, watoto wangu walisomeshwa na mawe yale. Hayana hati wala mwenyewe, ni ya mtaa mzima, kama kisima. Sasa tukaanza kusikia kuwa mfanyabiashara wa minofu ya samaki kutoka Mwanza anapataka ajenge kiwanda, na kuwa diwani wetu, Nassibu, keshampa mkono.

Hapa lazima nieleze habari yangu na Nassibu, maana bila hiyo hamtanielewa. Baba yangu alikuwa Mnyamwezi wa Tabora, aliletwa Musoma na cherehani. Baba yake Nassibu alikuwa Mzaramo wa Kisarawe, fundi mwashi. Wote wawili walizaa huku na kuzikwa huku. Na Mnyamwezi na Mzaramo ni watani. Tangu nina akili namtukana Nassibu na yeye ananitukana. Akipita nilipo namwambia ana kichwa kama chungu cha bibi yake. Yeye anajibu kuwa Wanyamwezi tulibeba mizigo ya watu mpaka shingo zikaingia mabegani. Mwenye kukasirika ndiye mwenye kosa, na anatozwa faini. Bhoke, jirani yangu, Mkurya, tunaanika naye jiwe moja, jambo hili lilimshindaga kabisa. Alikuwa ananiambia, "Dada, kwetu mtu akinitukana hivyo, watu wanalala hospitali."

Wanawake tulikubaliana. Madiwani walikuwa na kikao Alhamisi, na suala la uwanja lilikuwemo. Tungekwenda wote, tukae ukumbini kimya, watuone. Wengine walisema twende Butiama tukamlilie Mzee, Baba wa Taifa. Nikawaambia Mzee kastaafu, mwacheni alime, mambo ya mtaa tuyamalize mtaani. Watu wakakubali, japo kwa woga. Mtoto wa Bhoke alikuwa mfagizi wa halmashauri. Mwingine mumewe alikuwa mlinzi bomani. Kila mmoja alikuwa na mtu wake ndani ya serikali, kibarua chake kinaning'inia.

Jumanne akafariki Mzee Omari, baba yake mdogo Nassibu. Sasa mtani katika msiba ana kazi yake. Nilivaa koti la marehemu, nikachukua bakora yake, nikatembea uani nikikohoa kama alivyokuwa anakohoa na kuulizia chai kila baada ya hatua mbili. Waliokuwa wanalia wakaanza kucheka huku kamasi zinawatoka. Ndiyo faida ya mtani, anawashusha watu kilio kidogo wapumue.

Wanaume walipoinua jeneza, nikajilaza kizingitini.

"Haitoki maiti," nikasema. "Mzee huyu hazikwi mpaka diwani atuambie nani anamuuzia tajiri Uwanja wetu wa Mawe."

Uani pakacheka. Nassibu alikuwa mbele, bega lake liko chini ya jeneza, kanzu imemshika kwa jasho. Nikamtazama moja kwa moja, na wallahi sikuwa natania. Nilijua ndiyo nafasi pekee ya kumuuliza mbele ya mtaa mzima bila mtu kunishika mkono.

"Mtani, inuka, jua linachoma," akasema.

"Sema kwanza."

"Uwanja siuuzi. Nikiuuza, nizikeni palepale kwenye mawe, tena wewe ndiye unioshe."

Watu wakapiga vigelegele. Nikaomba faini yangu ya kufungua mlango, nikapewa sahani ya pilau kabla ya watu wote, nikainuka. Maiti ikatoka.

Jioni Bhoke alinifuata jikoni kwa wafiwa, tunaosha masufuria. "Dada, amesema kweli yule?"

"Mbele ya jeneza la baba yake mdogo? Mtu hasemi uongo hapo, Bhoke."

"Lakini mlikuwa mnataniana."

"Utani una ukweli wake," nikamwambia, na nilisema kwa sauti ya mtu anayejua. Basi habari ikasambaa kuwa diwani ameahidi hadharani, begani ana maiti. Alhamisi ikafika na hakuna aliyekwenda ukumbini. Watu walikuwa na dagaa wao, jua lilikuwa kali, na kusema kweli hata mimi nilifurahi kutokwenda. Niliona safari hii jambo limeisha bila kikao. Niliwaambia mwenyewe, "Acheni, yamekwisha."

Kikao kilipitisha uwanja kabla ya chai ya saa nne. Wiki iliyofuata tulikuta vijana wanachimba mashimo ya nguzo katikati ya mawe yetu.

Nilikwenda ofisini kwa Nassibu nikiwa na kandambili za kuanikia, sikubadilisha hata khanga. Alikuwa anamenya karanga. Akafurahi kuniona, hilo ndilo lililoniumiza, alifurahi kweli.

"Karibu, mbeba mizigo."

"Nassibu, uliahidi."

"Niliahidi wapi?"

"Msibani. Mbele ya watu wote."

Akaacha kumenya. Akanitazama kama mtu anayejaribu kunisaidia. "Mtani, kwani wewe siku ile ulikuwa unasema kweli?"

"Nilikuwa nasema kweli."

"Mimi nilikuwa nakutania. Ulilala mlangoni umevaa koti la marehemu, nikujibu nini? Nikusomee ajenda ya kikao?" Akanisogezea karanga. "Kiwanda kitaleta ajira. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Watoto wenu ndio watakaoajiriwa pale."

"Na sisi tutaanika wapi?"

"Ziwa kubwa hili, mtani."

Nilitaka kumtukana, na matusi yote niliyokuwa nayo nilikwisha kumpa kwa miaka arobaini, akiyacheka. Sikuwa na hata moja lililobaki la kumuumiza. Nikatoka. Njiani nililia, na aliyeniona akasema, "Mnyamwezi leo katozwa nini?"

Ikabaki njia moja. Afisa wa ardhi angekuja kutoka mkoani kuwauliza wananchi kama wana pingamizi. Tuliambiwa kuwa pingamizi likitolewa hadharani, hati isingesainiwa. Faili lingerudi likaangaliwe upya. Siyo hadithi za vijiweni hizo, mtendaji wa kata mwenyewe alilisoma tangazo. Tukakutana kwa Bhoke, tumebanana sebuleni, kuamua nani atasema.

Kila mtu alitazama kucha zake.

"Bhoke, sema wewe," nikamwambia. "Wewe huna mchezo, watakusikia."

"Mwanangu atafukuzwa kesho yake. Unajua."

"Basi mwingine."

"Dada, useme wewe," akasema Bhoke, na wengine wakadakia. "Wewe na diwani ni watani. Ukisema hawezi kukufanya kitu. Akikupeleka polisi ataonekana mjinga. Sisi tukisema ni uchochezi, wewe ukisema ni mila."

Waliona wamepata ngao, na mimi pia niliona hivyo. Miaka yote ya chama kimoja tulifundishwa kusema kwa mzunguko, na mimi nilikuwa na mzunguko mzuri kuliko wote. Usiku ule sikulala vizuri, nilikuwa najipangia maneno. Nilijikataza mzaha. Nilisema nitaanza na salamu, nitaeleza mawe, nitaeleza wajane, nitakaa.

Mkutano ulifanyika uwanja wa shule. Meza kuu ilikuwa na kitambaa cha maua na soda za baridi. Afisa alikuwa mtu mwenye adabu, siwezi kumsingizia, aliwasalimu watu, aliuliza vizuri, akarudia mara ya pili: "Kama kuna mwananchi yeyote mwenye pingamizi juu ya kiwanja hiki, asimame aseme. Mimi nimekuja kusikiliza, siyo kusema."

Nikasimama. Sikuwa nimefungua mdomo, kicheko kikaanza upande wa vijana. Mtu akasema, "Haya, dozi ya diwani hiyo." Mwingine akakohoa kama Mzee Omari, na kicheko kikapanda.

"Ndugu afisa," nikasema, "naitwa Mwanaamina. Mimi ni mjane. Diwani huyu ametuuza."

Walicheka. Nassibu akainuka nusu kwenye kiti, akamwinamia afisa. "Mheshimiwa, huyu ni mtani wangu. Mnyamwezi. Mtamvumilia." Afisa akatabasamu, akaweka kalamu chini, akajiegemeza. Na yeye alikuwa na watani wake huko kwao, ilionekana usoni jinsi alivyolegea.

"Sitanii," nikasema. "Tunaanika dagaa pale tangu ziwa lile halijajua sangara. Tumesomesha watoto. Kikao kimekaa bila sisi, na sisi hatukwenda kwa sababu mtu huyu alituahidi."

"Nilimwahidi ataniosha nikifa," akasema Nassibu kwa upole, na uwanja mzima ukalipuka. Mwalimu mkuu alikuwa anapiga meza. Nikapaza sauti, na kadiri nilivyopaza ndivyo nilivyozidi kuwachekesha, maana hata hasira yangu waliijua; nimeiigiza kwenye misiba yao yote. Nikaingiza mikono ndani ya khanga niikaze kiunoni. Wakadhani natafuta kitu cha kumrushia.

Nikamtafuta Bhoke kwa macho. Hakuwa anacheka. Alikuwa ameinama, mkono mdomoni, na pembeni yake mtoto wake amevaa sare ya halmashauri.

Nassibu akachukua soda yake kutoka meza kuu, ilikuwa haijafunguliwa, akashuka nayo mpaka nilipo. Akanyoosha mikono miwili, kichwa chini, kama mtani anayekubali kushindwa na kulipa faini anavyopaswa kufanya. Kwa mila yetu ukipokea, jambo limekwisha. Ukikataa, umeuvunja utani wenyewe, ule wa baba yangu na baba yake, na baada ya hapo yule si mtani wako tena, ni mtu tu. Sijawahi kusikia aliyekataa. Watu wakanyoosha shingo kungojea nitasema nini.

Niliwaza kidogo. Sikuwa na kingine cha kuvunja.

"Sipokei," nikasema. "Leo mimi si mtani wako, Nassibu. Nakuita mwizi, na mwizi hana mtani."

Alibaki na chupa mkononi. Kwa mara ya kwanza maishani niliona mzaha umemtoka usoni, na nikajua kuwa yeye amesikia. Yeye peke yake alijua nimefanya nini. Afisa naye alisogea mbele kidogo, akaigusa kalamu.

Kisha Nassibu akageukia meza kuu, akatikisa kichwa. "Mnaona, mheshimiwa? Hapa ndipo ananimalizaga."

Kicheko kilichotoka pale sijapata kukisikia. Afisa alicheka mpaka akavua miwani. Alipotulia aliandika hakuna pingamizi, akatupongeza kwa kuwa mtaa wenye amani. Na wale wanawake wa mawe, walionituma niwasemee, walikuwa wamekaa mstari wa mbele, wameshikana mabega, wanafuta machozi ya kicheko kwa pindo za khanga.