Mnara wa Shamba la Mama Onsy

Kengele ya hekalu letu ni ganda la bomu. Tumelitundika kwa mnyororo, tunaligonga kwa gongo la mti, na linalia vizuri kuliko kengele nyingi nilizozisikia. Wageni wakiambiwa lilikotoka hufumba macho. Hapo ndipo ninapopumzisha koo, kwa kuwa mgeni aliyefumba macho hahitaji maelezo.

Kazi yangu ni kuwatembeza. Wananiita Thit, kama anavyoitwa kila mwanamume aliyewahi kuwa mtawa akavua joho na kurudi nyumbani. Nawaonyesha sanamu ya Buddha iliyoungua nusu ya uso, nawaonyesha kengele, nawaambia silaha imegeuka sauti ya amani. Siwaambii kwamba kengele yenyewe iliyeyuka siku hekalu lilipopigwa mabomu ya ndege, na kwamba hili ganda tulilitundika kwa sababu lilikuwa la bure. Haifai kumharibia mtu safari.

Mwaka huo tuliambiwa unakuja ugeni mzito, kutoka nchi ileile iliyotuletea kengele. Wanakuja kutafakari vita na amani. Wiki chache kabla, bwana Phouvong wa ofisi ya wilaya alifika na afisa usalama wao, jitu refu la miwani myeusi, ili niwatembeze njia nzima kwa majaribio. Phouvong akanieleza sharti: popote mguu wa mgeni utakapokanyaga, kikosi cha kutegua mabomu kitapita kwanza. Hata ua wetu, ambao watawa wanaufagia kila asubuhi tangu sijazaliwa, utapekuliwa upya.

Nilifurahi kusikia kwamba siku hizi miguu ina thamani hivyo. Maana nyuma tu ya hekalu kuna shamba la Mama Onsy. Mumewe alipiga jembe mle likagonga bombi, kile kibomu cha chuma kinacholingana na chungwa kilichobaki ardhini tangu vita, kikamuua, na tangu siku hiyo shamba linaota majani. Mama Onsy aliomba kikosi kije, akaambiwa yuko kwenye foleni. Amekaa kwenye foleni mpaka mwanawe Kongkeo, aliyekuwa wa kubebwa mgongoni wakati wa msiba, ameota ndevu. Sasa mwenye shamba jingine waliloazima kulima anataka mali yake, na Kongkeo ameapa kwamba mvua ya kwanza ikinyesha atalima la baba yake, liwalo na liwe.

Siku moja kabla ya majaribio hayo Mama Onsy alikuwa amenifuata hekaluni.

"Thit, mwanangu, wewe ndiye unayejua kuongea na hao watu," alisema. "Kongkeo kashanoa jembe. Nimeshazika mmoja kwa ajili ya lile shamba. Wa pili sitaweza."

Nilimwambia nitajaribu, jibu ambalo hata wilayani humpa.

Basi siku ya majaribio tulipomaliza kwenye kengele, afisa akauliza, Phouvong akitafsiri, wageni wakitoka hapa wanakwenda wapi. Kwa kawaida wakitoka hapo wanakunywa soda.

"Huwa tunashuka shambani," nikasema, "kwenye msingi wa mnara wa kale. Wageni hukaa pale wakatafakari. Hakuna mahali penye utulivu kama pale."

Kuhusu utulivu sikudanganya. Hata mbwa walikuwa hawapiti.

Phouvong akanivuta pembeni. "We Thit, mnara gani? Mimi mzaliwa wa hapa, sijawahi kuuona."

"Utauonaje, kaka, na mle hujawahi kuingia? Nani kaingia?"

Hilo likamtosha. Lakini yule wa miwani hakuridhika, akataka mkuu wa hekalu aulizwe. Hapo niliona tumekwisha, kwa sababu mkuu wetu, Achan Bounlay, hasemi uongo, na ndiye aliyenifundisha mimi kutousema. Tulimkuta akinywa chai. Alisikiliza swali lote, akaniangalia, akaweka kikombe chini.

"Watu wetu wamelima mle na wamefia mle," akasema. "Mgeni akitaka kutafakari vita, mimi sijui mahali panapofaa zaidi."

Afisa akachora mstari kwenye ramani yake, mpaka katikati ya shamba.

Kikosi kikaja na vipimo vyao na kamba nyekundu. Mama Onsy alikaa kwenye ngazi ya nyumba yake, hakula chochote, na kila walipolipua kidude mabega yake yalipanda. Kimoja kilitolewa chini ya mpera ambao Kongkeo alikuwa akiuibia mapera utotoni, akinyemelea pembeni mama yake asijue. Kijana aliposikia hivyo aliketi chini, jembe lake lililonolewa likiwa magotini, na hakuinuka mpaka jioni. Mimi nililia, na sioni haya kusema.

Siku ikafika. Wazee wakawafunga wageni nyuzi za baraka mikononi. Kiongozi wao akagonga kengele, akafumba macho, akatoa machozi. Akasema vitani wote tulikosea. Nilijaribu kukumbuka kosa letu, nikaona pengine ni kule kukaa chini ya ndege zao. Kisha nikawaambia sasa tushuke kwenye mnara.

Usiku manyunyu yalikuwa yamepita. Kiongozi akatazama tope, akatazama viatu vyake, akauliza kama mahali hapo patakatifu panaweza kuonekana kutoka pale tuliposimama. Phouvong akasema panaonekana vizuri sana. Wakatazama kwa heshima kubwa. Mle shambani Kongkeo alikuwa tayari analima, nao wakasema hiyo ndiyo sura halisi ya amani, wakampiga picha, wakaondoka. Chakula cha mchana kilikuwa kinawasubiri mjini.

Jioni akaja Bi Chansouk na kikapu cha wali wa kunata. Shamba lake limepakana na la Mama Onsy, na kamba nyekundu iliishia mpakani kwake. Alikaa, akanitazama nikila, kisha akauliza hao wageni hasa wanapenda nini.

"Kusikitika," nikamwambia.

"Shambani kwangu bombi lilimuua binti yangu," akasema. "Hiyo inatosha, au mpaka kuwe na mnara?"

Nikamwambia mpaka kuwe na mnara, na tukaanza kufikiri tuuweke wapi.