Nyongo Yangu Ilizikwa Tulia

Waulize watu wa soko la Matiliku, watakwambia: Nzilani wa ndengu hakai. Ndengu napima nimesimama, chai nakunywa nimesimama, na kanisani nachagua kiti cha pembeni ili mahubiri yakizidi nitoke nje nipige simu. Kwa hivyo daktari aliponiambia nipumzike nyumbani wiki sita baada ya kupasuliwa, nilimwona kama mtu anayenitafutia ugomvi.

Alikuwa amenitoa mfuko wa nyongo. Mfuko huo uko chini ya ini, upande wa kulia, na wangu ulikuwa umejaa mawe. Mwaka mzima nilikuwa nikila mafuta kidogo tu, maumivu yananishika chini ya mbavu mpaka mgongoni, nami namlaumu mwenye hoteli. Daktari Musyimi akasema mawe ni kitu cha kawaida kwa wanawake wa umri wangu, mfuko ukitoka maumivu yataisha. Na kweli yaliisha.

Siku ya kuruhusiwa kwenda nyumbani akaleta chupa ya plastiki yenye kifuniko kipana. Ndani mfuko wangu ulikuwa unaelea kwenye dawa ya kuzuia nyama isioze. Maabara ya pale haikuwa na mtambo wa kusoma nyama, akasema, kwa hivyo watu wa mgonjwa hupeleka wenyewe Machakos. Kila mfuko unaotolewa lazima usomwe. Mimi nilikuwa sijiwezi, na Mulei, mume wangu, ni fundi wa mawe huko Emali na alikuwa kazini. Mama yake, Kaluki, aliyekuwa ametoka kijijini kwao Tulia kuja kuniuguza, akanyoosha mkono.

"Nipe mimi. Nitapeleka."

Namwita Mwaitu, kama vile Mulei anavyomwita, kwa sababu amekuwa mama kwangu kuliko yule aliyenizaa. Alirudi baada ya siku mbili, miguu imejaa vumbi, akakaa kitandani pangu. "Wamesema ni safi," akaniambia. "Karatasi watamtumia daktari wenyewe." Jumapili iliyofuata nikasimama kanisani nikatoa ushuhuda kwamba Mungu amenitendea. Watu walipiga makofi mpaka nikalia.

Wiki ya tano nilikuwa nishatoroka nyumbani, niko sokoni na mizani yangu, simu ikalia.

"Mama, mbona hujaniletea ripoti?" Ni daktari Musyimi.

"Kwani hawakukutumia?"

"Nimewapigia Machakos. Hawana jina lako. Hawajapokea kitu."

Nikamwambia basi wamepoteza, watu wa ofisi ni hivyo. "Nilipoukata ule mfuko," akasema, "kuna mahali ukuta wake ulikuwa mnene, tena mgumu. Sikupenda vile ulikaa. Huenda ni makovu ya mawe tu. Lakini saratani ya mfuko wa nyongo hujificha hivyo, haina dalili, na macho yangu hayawezi kutofautisha. Tafuta hiyo chupa."

Woi! Nilimwachia jirani mizani nikapanda boda mpaka nyumbani.

Mwaitu alikuwa nyuma ya nyumba anapepeta maharagwe. Sikumsalimu. "Mwaitu, ile chupa ulipeleka wapi?"

Akaendelea kupepeta. Kisha akaweka ungo chini polepole. "Nyumbani."

"Nyumbani wapi?"

"Tulia. Niliizika."

Nilipiga kelele mpaka mbuzi wa jirani wakaruka. Nikamuuliza kama ana akili, kama ananichukia, kama alitaka Mulei apate mke mwingine. Maneno ambayo mke wa mtu hamwambii mama mkwe, nayo niliyasema yote. Aliningoja nikaishiwa na pumzi.

"Baba Mulei alikatwa mguu," akasema. "Nilipouliza mguu uko wapi, wakaniambia umechomwa pamoja na takataka. Miaka minne yule mzee kila asubuhi ananiuliza, Kaluki, mguu wangu mliuacha wapi? Alikufa akiuliza. Nikaapa nyama ya mtu wangu haitaachwa kwa wageni tena. Nilifika Machakos, mwiitu wakwa, binti yangu. Nilifika mpaka mlangoni. Kukawa na kijana amevaa glavu, ananyoosha mkono, hata hanitazami. Nikashindwa kumpa."

"Na ukaniambia ni safi!"

"Ulikuwa unacheka. Ulikuwa unakula vizuri. Uso wako ulikuwa umerudi. Nikaona umepona, karatasi ni ya nini?"

Hata mimi nilikuwa nimejiona nimepona. Nikampigia daktari simu. Kitu cha kwanza aliuliza ni kama chupa ilifunguliwa. Mwaitu akatikisa kichwa: aliifunga kwa kitambaa akaizika hivyo hivyo. "Basi ichimbueni," daktari akasema. "Kama dawa haijamwagika, nyama bado inasomeka. Lakini fanyeni haraka. Kama ni kile kitu ninachofikiria, kuna upasuaji wa pili, na huo ni mzuri ukifanywa kabla ya wiki nane kuisha tangu ule wa kwanza."

Nikahesabu. Zilibaki tatu.

Kesho yake tulikuwa Tulia, sisi wawili na Mulei aliyeomba ruhusa Emali. Mwaitu alikuwa ameizika kando ya kaburi la baba mkwe, akapanga mawe matano juu. Mulei alichimba taratibu kwa kuogopa kuvunja chupa, nami nikaona anachelewesha makusudi, nikamnyang'anya jembe. Nilipopiga mara mbili kidonda kikanivuta tumboni, akanipokonya. "Nzilani, kaa chini!" Sikukaa. Nilizunguka lile shimo kama kuku anayetafuta pa kutagia, na Mwaitu amesimama pembeni ananong'ona, sijui anaomba Mungu au anamwomba mzee wake msamaha.

Chupa ilitoka nzima, dawa bado imejaa. Safari hii niliipeleka mimi Machakos, nikaiweka mikononi mwa yule kijana wa glavu, nikamngoja mpaka akaandika jina langu.

Walisema siku saba. Siku saba hizo sikulala vizuri wala sikukaa. Nilikuwa natazama macho yangu kwenye kioo kila nikipita, kama yamegeuka rangi ya njano, kwa sababu daktari alikuwa amesema ugonjwa ukiziba njia ya nyongo macho ndiyo hugeuka kwanza. Niligombana na wateja wawili. Mulei akinipigia simu naona anachunguza sauti yangu, namkatia. Mwaitu alikuwa amerudi nami Matiliku, anapika, anafua, na mimi simsemeshi. Nikimwangalia nilikuwa nataka kumpiga, tena nataka kulala mapajani pake, na hayo mawili yalinichosha kuliko ugonjwa.

Daktari Musyimi alituita sote watatu. Alichora mfuko kwenye karatasi, wenye umbo kama parachichi, ukuta wake ukiwa na tabaka kadhaa.

"Ni saratani," akasema. "Ingekuwa imebaki kwenye ngozi hii ya ndani, kuutoa mfuko kungetosha, ningekuambia uende nyumbani. Lakini imepita, imeingia kwenye msuli. Kwa hivyo lazima turudi ndani tukate kipande cha ini pale mfuko ulikuwa umelala, na tuondoe tezi zilizo karibu tuzisome. Ukibaki hivi itarudi, na ikirudi kisu hakiwezi tena."

"Lakini siumwi," nikasema. Haki nilisema hivyo, kama mtoto.

"Najua. Wengi huumwa wakati ishachelewa. Wewe imeonekana kwa bahati ya mawe."

Skani ilionyesha ini na mapafu ni safi. Wakanipeleka hospitali kubwa Nairobi, nikapasuliwa wiki ya nane ikiisha, kidonda safari hii kikafuata mbavu zote za kulia. Majibu ya tezi yalikuja nikiwa bado kule. Walitoa sita, na moja ilikuwa na saratani. Kwa hivyo nimepewa vidonge vya saratani vya miezi sita: nameza wiki mbili, napumzika moja, kisha naanza tena.

Kabla sijatoka kule nilimshika daktari wa Nairobi koti lake. "Zile wiki nilizopoteza," nikamuuliza. "Kwenye hiyo tezi moja, saratani iliingia wakati huo?"

Hakunidanganya. "Sijui, mama. Huenda ilikuwa hapo tangu mwanzo. Huenda hapana. Hakuna mtu anayeweza kukuambia."

Mulei hangeweza kuacha kazi, na Matiliku ningeshawishika kurudi kwenye mizani, kwa hivyo ninamezea dawa Tulia, kwa Mwaitu. Viganja vimeanza kuchubuka na nyayo zinawaka, hata kutembea sasa ni shida. Ananipaka mafuta ya mgando asubuhi na jioni, ananivalisha soksi, anaangalia saa ya dawa kuliko mimi. Tangu tulipoichimbua chupa hatukuwa tumelizungumza lile jambo hata mara moja. Alikuwa anapita nalo nyumbani kama amebeba mtungi anaoogopa kumwaga.

Jana alikuwa amenishika mguu, anapaka, akasema bila kuinua kichwa, "Daktari alisema ni mimi?"

"Alisema hajui."

"Na wewe?"

"Hata mimi sijui, Mwaitu."

Akapaka kidole kimoja kimoja. "Unaninyamazia," akasema. "Tangu Machakos unaninyamazia. Wewe si mtu wa kunyamaza. Nilaumu, mwiitu. Nitaweza. Hiki kimya ndicho siwezi."

Nilikuwa nimejiambia nimesamehe. Si ndivyo tunafundishwa? Nikafungua mdomo niseme nimesamehe, na badala yake yakatoka yale mengine. Nikamwambia alinifanya nisimame kanisani niseme uongo mbele ya Mungu. Nikamwambia mguu wa mzee ulikuwa umeshakatwa, haungemwokoa, lakini nyama yangu ilikuwa na kitu cha kusema na yeye akaifukia. Nikamwambia naogopa. Nina miaka arobaini na minne na naogopa kufa kila nikifumba macho, na nikifumba macho ni yeye namwona, ameshika ile chupa. Nilikuwa nalia, kamasi zinatoka, sauti imefika barabarani, na jirani mmoja akasimama kwenye ua kuangalia nani anauawa.

Mwaitu hakujitetea. Machozi yalikuwa yanamtoka pia lakini hakuachilia mguu.

"Umemaliza?" akaniuliza nilipopumua.

"Bado."

Akachota mafuta mengine, akashika mguu wa pili.

"Endelea," akasema.