Jina la Leso la Mwezi Huu

Mtandao wa kompyuta katika duka la leso la Zoherbhai, Mtaa wa Biashara, niliuweka mimi, Mejumaa Tsofa. Nyaya nilipitisha mimi, kamera nilifunga mimi, na panya aliyekula waya wa ghalani nilimuua mimi. Nilichokosa ni cheti tu. Mtihani nilikuwa nimeshafeli mara mbili, na chuo hakimpi mtu nafasi ya nne. Zoherbhai naye alikuwa ameniambia, kwa upole, huku akinimiminia chai, kwamba nikifeli tena atamleta mpwa wake Shoaib, mwenye vyeti vitano.

Kitabu cha mtihani chasema neno la siri la mtandao liwe maneno manne au matano yasiyohusiana, ili mwizi asiweze kubahatisha, na libadilishwe kila mwezi. Chasema pia nakala moja akabidhiwe mwenye mali ndani ya bahasha, isije ikawa nimegongwa na tuktuk duka likafungika. Nikatii. Mwezi wa kwanza nikatunga NGAMIA SABA KABATINI KWA SHANGAZI, nikampa Zoherbhai bahasha, nikamwambia aiweke pahali pa vitu vya maana.

Pahali pa vitu vya maana katika duka lile ni droo moja tu, ile ya majina ya leso, yale maneno yanayochapwa kwenye kitambaa. Tangu enzi za babu yake, mteja mwenye lake la kumwambia mtu huliandika kwenye karatasi, likatiwa humo, na karatasi zote zikapelekwa kiwandani kuchapwa. Basi siku moja nafika kazini, naona neno langu la siri limetundikwa mlangoni juu ya leso, jekundu, na maua pembeni.

Nilipiga ukelele. Mteja mmoja, Bi Sabira, akadhani nashangilia.

"Hini ndiyo nilokuwa nikiitafuta," akaniambia, akijifunga palepale. "Ntapita nayo mbele ya jirani yangu Lubaba mara tatu. Yeye mwenyewe ajua ngamia ni nani."

Leso hizo zilikwisha kwa siku mbili. Nikabadilisha neno, nikamfunza Zoherbhai kwa adabu yote iliyonibakia kwamba siri ni siri. Akaitikia kwa kichwa, akaelewa, akaipokea bahasha ya pili, akaituma kiwandani makusudi. Safari ile, kwa hasira, nilikuwa nimetia herufi ovyo, tarakimu na alama za kila aina, kitu kisichosomeka. Ziliuzwa kuliko zile za kwanza. Wanawake walisema ni kinga ya hasadi, na mmoja wa Makupa alichukua jozi sita za harusi.

Mwezi wa tatu ukawa wa mtihani. Masharti ya chuo ni haya: siku saba kabla, mtahiniwa haruhusiwi kugusa chochote katika mtandao wake, na mwenye mali hufungua bahasha na kutia saini kwamba ameliona neno. Siku ya nane mtahini huja na kompyuta yake, akapewa saa mbili za kujaribu kuingia kwa hila yoyote. Akiingia, umefeli. Neno langu lilikuwa BATA KASHONA PAZIA LA DAKTARI. Zoherbhai aliliona, akatia saini, na nikayaona macho yake yaking'aa. Nilimuapisha. Aliapa.

Asubuhi ya mtihani, robota mbili za leso zikashushwa mlangoni.

"Zoherbhai, nakuomba, usizifungue mpaka saa saba," nikamwambia.

"Mejumaa, binti yangu, wateja wamesimama tangu alfajiri. Nitawaambia nini? Kompyuta?"

Mtahini, Madamu Stacy, akaingia robota ya kwanza ikikatwa kamba. Mwanamke mkavu, saa mkononi, hacheki. Akaketi kwenye benchi ya wateja, akafungua kompyuta yake, akaanza. Mbele yake wanawake wakawa wanafunua leso, wanazipima kifuani, wanazigeuza juani. Bata, pazia, daktari, kila upande. Mimi nilisimama nyuma ya kaunta jasho likinitiririka hadi ndani ya viatu.

Madamu Stacy alipekua jaa. Alipapasa chini ya kibodi. Alitoka nje akapiga simu dukani, akajifanya ni wa kampuni ya intaneti.

"Neno la siri?" Zoherbhai akafoka, simu begani, mikono yake ikimkunjia Bi Sabira jozi mbili. "Hilo ni siri! Hata mke wangu Mubaraka halijui!" Akakata simu, akaniangalia kwa fahari.

Saa mbili zikaisha. Madamu Stacy akaja kwenye kaunta, akaniambia hajaona mtandao uliofungwa vizuri kama ule. Akanisukumia fomu. "Tia saini hapa kwamba neno la siri halijaandikwa pahali popote ambapo mtu wa nje anaweza kulisoma, kisha cheti ni chako."

Nilishika kalamu. Miaka mitatu nilisoma ghalani wakati wenzangu wanakula. Nilikitaka kile cheti. Lakini nililelewa na mama asiyesamehe uongo, na mkono haukwenda.

"Limeandikwa," nikasema.

"Wapi?"

Nikaonyesha barabarani. Madamu Stacy akatazama wanawake thelathini hivi, leso mpya mabegani, wakiondoka kuelekea kila pembe ya mji. Akasoma. Akarudi benchini, akaandika kwenye kompyuta, akaingia mara moja. Kisha akachukua ile fomu, akaipiga mstari mwekundu, akaniambia pole, na ninaamini alimaanisha. Akaondoka.

Nikaanza kukusanya vitu vyangu: bisibisi, koleo, kitabu. Zoherbhai akanizuia mlangoni.

"Unakwenda wapi?"

"Nimefeli. Mlete Shoaib wako."

"Shoaib?" Alishtuka kweli. "Shoaib ana vyeti vitano, lakini hawezi kutunga neno hata moja la kumvalia jirani! Wewe hutoki hapa. Mwezi ujao wateja wangu nitawapa nini?"

Hapo nilipasuka. Nililia mbele ya wateja, na sikujifuta.

"Miaka mitatu nimekesha nikisoma," nikampigia kelele, "na wewe umeniuza kwa jozi!"

Bi Sabira akashika kifua. Zoherbhai akanitazama, macho yamemlowa, nikadhani hatimaye ameona alichonitenda. Akatia mkono mfukoni, akatoa kalamu na karatasi ya majina.

"Hiyo 'mitatu'," akauliza taratibu, "tuiandike kwa herufi au kwa tarakimu?"

Nilitaka kumrushia koleo.

"Kwa herufi," nikamwambia. "Na ziwe kubwa."