Alama Nyuma ya Plaketi

Drocella alianza kumtilia Hakimu shaka siku alipoambiwa plaketi zimekwisha tena. Mara ya tatu ndani ya miezi miwili! Vile vipande viwili vinavyobana sahani ya gurudumu ili pikipiki isimame, vinaliwa kama mahindi ya kuchoma?

Pikipiki ni ya Drocella, dereva ni Hakimu. Kila asubuhi, kabla ya kutafuta abiria, Hakimu humshusha Keza, mjukuu wa Drocella, kutoka Kanama hadi shuleni Gisenyi. Breki ikikataa kwenye mteremko wa njia hiyo, Keza ndiye aliye nyuma.

"Anauza mpya, ananifungia kuukuu za watu," alimwambia fundi Sibomana.

"Aa, mukecuru, bibi yangu! Hakimu ni mutu wa sala."

"Na mwizi hasali?"

Akanunua nyingine. Kabla hajampa fundi azifunge, akakwaruza herufi D kwa msumari mgongoni mwa kila moja. Hakumwambia mtu.

Wiki tatu baadaye akatokea gereji bila taarifa. Hakimu alikuwapo, anakunywa chai.

"Sibomana, fungua breki."

"Mukecuru, iko nini tena?" akauliza Hakimu.

"Fungua, nimesema."

Fundi akalegeza bolti, akazichomoa. Ule mfereji wa katikati, unaoonyesha plaketi bado ina maisha, ulikuwa umefutika. Unene uliobaki haukuzidi ukucha. Drocella akazigeuza. D. Na nyingine, D. Ni zilezile alizonunua.

Hakimu akaona. "Ulinitia alama, mukecuru? Kama mbuzi wa soko?"

Aibu ilimchoma Drocella, lakini shaka haikutoka. Ilihama tu.

"Basi kama huziuzi, zinaliwa na nini?"

Hakimu akatazama kandambili zake.

"Bon, sawa," akasema Drocella. "Sibomana, funga mpya. Halafu we Hakimu, nipandishe Kanama, unishushe. Kama unavyomshusha Keza."

Kupanda hakukuwa na neno. Huko juu wakageuza. Walipofika kwenye kona ambapo barabara inaanza kuinama, mkono wa Hakimu ukaenda wenyewe tu kwenye ufunguo, kama mkono wa mtu anayejikuna usingizini.

Kimya. Injini haipo. Upepo masikioni, na chini yao plaketi zinalia peke yake, zimebeba watu wawili na chuma chote.

"Simama! Simama, we mutoto wa watu!"

Walisimama mbali, karibu na wanawake waliokuwa wanapanga viazi.

"Kumbe unazima!"

"Kila mutu anazima hapa, mukecuru. Muteremuko iko bure, petroli inabaki."

"Injini ikiwa hai, inasaidia kushika. We unaiua, unaachia plaketi kazi yote. Na Keza iko nyuma?"

Drocella akachomoa ufunguo, akaufunga kwenye pindo la kitenge. Walishuka mpaka mjini kwa miguu, Hakimu akizuia pikipiki kwa mikono, jasho linamtoka, wanawake wa viazi wakicheka.

Asubuhi alimrudishia Hakimu ufunguo. Kisha akachukua kigoda, akatangulia kukaa pale kwenye kona.

Hakimu na Keza wakapita, injini ikinguruma. Keza akapunga mkono. Drocella hakupunga. Alikuwa ameinamisha kichwa, anausikiliza ule mngurumo ukishuka, ukishuka, mpaka ulipopotea chini kabisa. Hata hapo hakuinuka.

Kesho yake kigoda kilikuwa palepale.