Mfuko wa Njia wa Abigaël

Shemeji yangu Jérôme hajui kupiga simu kabla ya kuja. Jumamosi alitokea mlangoni kwetu Etterbeek, huku kwa Wazungu, akitokea stesheni ya Gare du Midi, nyuma yake kijana mmoja mwenye viatu vinavyong'aa. "Maman Euphrasie, nimeleta mugeni." Akaishia hapo. Kwetu Kivu mgeni haulizwi shida yake kabla hajala, basi nikapika sombe ya majani ya muhogo na samaki.

Waliposhiba ndipo tukaambiwa. Kijana anaitwa Hervé, anaishi Paris, anataka kumwoa binti yangu Abigaël, na atalala hapa mpaka apewe jibu. Jérôme akamgawia chumba cha Abigaël. Vitabu vya mtoto vikahamia jikoni, juu ya friji, na Jumanne alitakiwa kutetea utafiti wake mbele ya maprofesa. Utafiti wenyewe ulihusu wanawake katika mashairi marefu ya Wagiriki wa kale. Nami nilikwisha kumwambia kwamba Wagiriki hao hawatamletea mume wala mkate.

"Tonton, sikatae mugeni," Abigaël alianza kumwambia ami yake, "lakini masomo yangu..."

"Bon, masomo itangoja. Hapa wanaume wanaongea. Enda jikoni."

Kumkatalia mgeni usoni ni aibu, na Jérôme ndiye anayekaa mahali pa marehemu mume wangu. Abigaël akanifuata jikoni. Nilidhani analia, kumbe anacheka kimya kimya, nami nikaogopa.

"Maman, mu ile mashairi pia wanamuke wanaambiwa waende kwa kazi yao, wanaume waongee. Lakini maji ya kuoga ya mugeni, chakula, kitanda, zawadi ya kurudia kwao, yote inapita mu mikono ya wanamuke. Alors, unga ya muhogo iko wapi?"

Jumapili baada ya ibada, sebule ikiwa imejaa wamama wa kanisa, alitoka jikoni amebeba mfuko mkubwa: unga, samaki wakavu, chupa ya mawese, shati la kitenge. Akapiga goti mbele ya Hervé kwa heshima zote.

"Kaka, hii ni ya njia. Utusalimie maman yako."

Kila mtu wa kwetu anajua kwamba mgeni akishapewa mfuko wa njia ameagwa. Hervé aliutazama mfuko, akatutazama sisi, akasimama na kushukuru. Ningemhurumia kama asingekuwa amelalia mashuka ya mwanangu. Wamama wakaanzisha wimbo wa kusindikiza.

"Nani amemufukuza?" Jérôme aliuliza.

"Hakuna muntu, tonton. Tunamusindikiza."

Tulimfikisha hadi kituo cha basi, tukiimba, Wazungu wakitupisha njia. Tuliporudi, Jérôme alikuwa bado kwenye kiti cha marehemu, miguu juu ya meza.

"Maman Euphrasie, kahawa imepoa. Na huyu kijana nitamuita tena. Atamuoa Abigaël, masomo au hapana masomo. Donc, mimi nabakia hapa mpaka mambo iishe."

Tangu tumzike mume wangu, nimempashia mtu huyu kahawa kila inapopoa. Nilichoka. Niliingia jikoni, na Abigaël akanisogezea unga bila kuombwa. Nilirudi sebuleni na mfuko wa pili, nikapiga goti mbele ya shemeji yangu kwa heshima zote.

"Hii ni ya njia, shemeji. Utusalimie watu ya kwako."

Wamama walikuwa bado mlangoni, hawajavua makoti. Wakauanza wimbo upya.